Mkanda wa Upande wa Pili

Kila Jumamosi asubuhi jirani yangu hufunga kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa viti viwili, juu ya gari. Huilaza kifudifudi kwenye keria, hurusha mkanda juu yake hadi upande wa pili, kisha husema, "Shika hapo, mama watoto." Mkewe tulimzika mwaka juzi, kwa hiyo mkanda huanguka chini. Huzunguka gari polepole, huuokota, huukaza kwa vidole vyake vinene, kisha huitikisa kayaki hadi gari zima liyumbe. Ncha inayobaki huifunga fundo, isije ikapigapiga bati njiani.

Leo nilikuwa nafagia karibu, nikaudaka mkanda. Akazunguka, akauchukua mkononi mwangu kwa upole.

"Asante, jirani," alisema. "Upande huu una mwenyewe."

Akaudondosha chini, ndipo akainama kuuokota.