Nyumba Yake ya Nne

Msichana aliletwa kwangu Kasingirima, kando ya ziwa, na afisa wa ustawi wa jamii akiwa na miaka kumi na mitano. Nyumba tatu za walezi zilikuwa zimemshinda, au yeye ndiye aliyezishinda, sijui. Alinipa shikamoo, akaosha vyombo bila kuambiwa, na majirani wakanipongeza kwa kupata mtoto mwenye adabu. Watu wetu ndivyo walivyo: mtoto akisalimia vizuri, basi hana tatizo.

Kumbe alikuwa akitoroka kwenda mwaloni kunywa gongo na vijana wa boti za dagaa, kisha anaogelea kuelekea kilindini, mbali kabisa, mpaka wavuvi wamrudishe kwa nguvu. Jirani akasema ni jini wa ziwani, tumpeleke akasomewe. Nikamwambia amchukue yeye huyo jini, akamlishe kwake. Nilikuwa na hasira na kila mtu siku zile, na hofu kuliko hasira.

Kitu kimoja tu kilimfungua kinywa: kuchambua dagaa. Tukikaa na ungo katikati yetu, tukitoa mchanga na takataka, macho yake yakiwa chini, alizungumza. Siku moja aliniambia, "Mama, mimi sitaki kufa. Nataka tu kichwa kinyamaze." Nikaendelea kuchambua.

Kesho yake nilikwenda ofisini kuomba apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili. Afisa, kijana mstaarabu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole, mama. Tumekuelewa. Tutakupunguzia mzigo."

Wiki ile ile wakaja kumchukua, wampeleke Kasulu, mbali na maji. Nikasema sikwenda kulalamika, nilikwenda kuomba matibabu. Wakasema utaratibu ndio huo: mlezi akishatoa taarifa ya hatari, mtoto anahamishwa. Msichana alipanda gari bila hata kuuliza anapelekwa kwa nani. Aliamini nimemfukuza, na sikupewa nafasi ya kumweleza. Iliniuma, na bado inaniuma.

Baadaye mlezi wa Kasulu alinipigia simu. Mtoto hataki kula, anatoweka, anakunywa. "Dada, wewe ulimwezaje?"

Nikamweleza habari ya dagaa: akae naye chini, wachambue, asimkazie macho, asimharakishe. Nikamsihi asiende kwanza ofisini.

"Nimetoka huko asubuhi," akasema.