Haragwe la Mfalme wa Ishirini

Mimi shule niliiachia darasa la tatu, lakini wafalme wa Wayahudi nawajua kwa mpangilio, tangu Sauli mpaka siku Yerusalemu ilipochomwa. Kwetu Kivu mwalimu wa kanisa hakuwa na ubao. Alitufundisha kwa maharagwe. Mfalme aliyetenda mema, haragwe jeupe. Aliyetenda mabaya, jekundu. Nilipofika London kanisa likanipa watoto wa shule ya Jumapili, katika ukumbi tunaoukodi hapa Edmonton, nikafundisha vilevile. Meupe nanunua duka la Waturuki, yale makubwa, bapa. Mekundu ni madogo na yanateleza. Hata kipofu anayatofautisha.

Kipofu alikuwemo nyumbani mwangu. Sukari ilimla mume wangu macho tukiwa tumeshafika huku. Kila Jumamosi mchana nilikuwa nampitisha mjukuu wetu kwenye wafalme, mezani jikoni, na mzee amekaa kwenye kiti chake karibu na hita, anasikiliza.

Mjukuu ni msichana wa miaka kumi na mmoja, mbishi. Kiswahili anakisikia chote, anakujibu kwa Kiingereza. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili, ndivyo ninavyomkumbuka.

“Koko,” akaniuliza siku moja. Koko ndivyo watoto wetu wanavyowaita bibi na babu, wote wawili. “Daudi alimuua mtu, akamchukua mke wake. Mbona ni jeupe?”

“Alipoambiwa kosa lake hakubishana. Alisema, ni mimi.”

“Basi na mimi nikisema ni mimi niliyekula mandazi?”

“Wewe unasema ukishayamaliza. Endelea na Sulemani.”

Mzee akacheka kule kwenye kiti chake.

Sulemani alijenga sana, akawachosha watu kwa kazi za lazima. Mwanawe Rehoboamu, wazee walimwambia awapunguzie mzigo. Akasikiliza vijana wenzake, na makabila kumi yakamwacha. Hapo nchi ikapasuka. Wafalme wa kaskazini wote ni wekundu, mpaka Ashuru ilipowabeba watu wao na hakuna ajuaye walikoishia. Kusini, yaani Yuda, ni mchanganyiko: Hezekia jeupe, Manase jekundu, Yosia jeupe. Baada ya Yosia wekundu watatu. Halafu mimi nilikuwa nasema: Babeli wakauchoma mji, wakawachukua watu, mpaka Koreshi wa Uajemi alipowaruhusu kurudi. Na hapo nazoa maharagwe yangu.

Nilifundisha hivyo miaka mingi, hakuna aliyeuliza. Lakini nilikuwa naruka mtu. Wa mwisho kabisa, Sedekia, sikumtaja hata mara moja.

Huyo, nabii alimwambia: toka mjini, jisalimishe kwa Babeli, utapona wewe na nyumba yako. Akasitasita. Mji ulipobomolewa akakimbia, wakamkamata. Wakawaua wanawe mbele ya macho yake, kisha wakamtoboa macho.

Sisi tulikuwa na wavulana wawili, na binti mmoja, mama yake huyu mjukuu. Wakati wa vita majirani walipita asubuhi wamebeba mizigo, wakatuambia tuondoke nao. Nilikuwa nimeshafunga vyombo. Mume wangu akasema, tungoje siku mbili, ng’ombe anakaribia kuzaa. Siku ya pili wale watu wenye bunduki wakafika. Mimi na binti tulikuwa mtoni. Mume wangu walimfunga kwenye nguzo ya zizi, akaona yote waliyowafanyia wavulana wetu. Niliporudi nilimfungua mwenyewe.

Kwenye kambi ya wakimbizi alikaa wiki nzima bila kusema neno. Na mimi, badala ya kumpa maji, nilimuuliza, “Na ng’ombe, alizaa?”

Hakujibu. Tangu siku ile hatukuwataja wanetu tena. Tulipanda ndege, tukapewa nyumba, nikasafisha maofisi mpaka magoti yakakataa, macho yake yakafa, na wavulana hawakutajwa. Nilijiambia ninamhurumia. Kwa hiyo na Sedekia nikamruka, asimsikie.

Jumamosi hiyo ninayoikumbuka, mjukuu alikuwa anajiandaa kusimama mbele ya kanisa kesho yake, awataje wote. Akahesabu maharagwe ya Yuda kwa kidole.

“Koko, hapa kuna kumi na tisa, hata pamoja na yule mwanamke Atalia. Nimesoma, ni ishirini. Umemruka Sedekia.”

“Weka vyombo mezani,” nikasema.

“Nimesoma habari zake zote. Ni jekundu au jeupe?”

Kabla sijamfokea, mzee akasema, “Mwambie, mama. Mimi kila Jumamosi ukimruka namhesabu mwenyewe hapa.”

Mikono yangu ilikuwa na unga. Nikaipangusa. Akanyoosha kiganja kuelekea mezani, akangoja. Kumdanganya sikuweza, vidole vyake vingejua.

“Sedekia alitenda mabaya,” nikasema. “Alionywa, hakusikia.” Nikamwekea mzee jekundu kiganjani.

Akaligeuza kwa kidole gumba. “Ni sawa. Lakini huyo alikuwa na bahati mbaya kunishinda. Wanawe ndio kitu cha mwisho alichoona. Mimi wa mwisho niliyemwona vizuri ni huyu mbishi, akiwa bado na meno mawili.”

Mtoto alimsogelea, akamshika bega.

Kisha mzee akasema, “Alizaa, mama. Uliniuliza. Jike, na doa jeupe usoni. Alizaliwa usiku ule kabla hawajafika.” Akaligeuza tena lile haragwe. “Tungeondoka. Ni mimi niliyesema tungoje. Ni mimi.” Akawataja wanetu kwa majina yao, wa kwanza na wa pili. Sauti yake ilikuwa ileile aliyokuwa akiwaitia chakula. “Na mimi, je? Unaniwekea rangi gani?”

Bakuli la meupe lilikuwa mbele yangu. Nikasema, “Bugali unaungua,” nikageukia jiko.

Kesho yake mtoto aliwataja wafalme wote ishirini, watu wakapiga makofi. Mzee alianza kuwazungumzia wavulana. Yule alipenda maziwa ya moto. Huyu aliogopa bata. Na mimi nilijibu, nikaongeza yangu. Miezi minne tulizungumza hivyo. Lile swali hakulirudia, na mimi nilisema moyoni, nitamjibu Jumamosi. Januari kifua kikambana, wakamlaza hospitali, na alipokuwa macho kulikuwa na watu, na palipokuwa hakuna watu alikuwa amelala. Alifia humo usingizini.

Nilipoenda kumwona mara ya mwisho kabla hawajafunga sanduku, nilifungua kiganja chake, kigumu, nikakitia haragwe jeupe, nikakikunja. Mzungu wa mazishi akamuuliza binti yangu kwa heshima kama hiyo ni mila ya kwetu.

“Mwambie hapana,” nikasema. “Ni jibu. Nimelichelewesha.”

Binti yangu hakujua atafsiri vipi. Alimwambia tu ndiyo, ni mila.