Wanataka Niweke Kidole Ili Ndege Iruke

Marahaba wanangu wote, walioamkia na ambao hawajaamkia. Jina langu limefichwa, nimeomba hivyo mwenyewe. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, siku ya kuzaliwa hakuna aliyeiandika, ila mama alikuwa akisema ni mwaka ule wa nzige. Naishi hapa Babati, upande wa Singe. Shule sikwenda hata siku moja. Anayeandika ni jirani yangu msusi, nimemwambia andika ninavyosema, usinirembe. Ameitikia lakini namwona anacheka.

Nina mwanangu wa miaka arobaini na tano, tumwite Baba Neema. Ni fundi wa kuchomelea. Mageti, majembe ya ng'ombe, matela ya punda, watu wanakuja mpaka kutoka Bonga. Karakana yake iko mbele ya nyumba na mimi nakaa uani, kwa hiyo anachofanya chote nakiona. Mkono anao, sitasema uongo.

Sasa kuna bwana mmoja ana ndege ndogo, tunamwita Kapteni. Inatua kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji. Inabeba watalii, na mara moja moja inapeleka manesi wa chanjo kule tambarare ambako masika gari haifiki. Huko chini kuna mawe na mashimo ya ngiri, ndege inarukaruka kama mbuzi. Kapteni akataka iwe na matairi makubwa. Matairi makubwa hayakai kwenye miguu ile ya zamani, mpaka miguu irefushwe. Anasema aliomba kibali serikalini, akangoja masika mpaka masika nyingine, kimya. Basi akaifungua miguu, akamletea mwanangu. Baba Neema akakata, akaunga chuma kingine, akasugua, akapiga rangi. Ukiangalia hujui.

Siku moja asubuhi akaja mgeni, shati jeupe, anamuulizia fundi. Fundi alikuwa ameenda kununua vyuma. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa kitu. Nikamkalisha kwenye benchi la karakana, nikampa chai ya maziwa na kiazi.

Akawa anakunywa, mimi naongea. Hilo ndilo kosa langu, wala sikatai. Nikamwambia, "Unaona lile tela? Kazi ya mwanangu. Hata miguu ya ndege ametengeneza, hapo hapo ulipokaa."

Akakishusha. "Ndege gani, bibi?"

"Ya Kapteni. Vipande vilivyobaki viko nyuma yako."

Akatoa simu apige picha. Na mimi kwa ukarimu wangu nikamshikia kikombe.

Kumbe ni mkaguzi wa ndege. Hakunifokea. Alisema, "Bibi, mguu wa ndege haubadilishwi hivi hivi. Mchoro unapelekwa kwanza, wataalamu wanaupima, mguu unajaribiwa kwa uzito, ndiyo kibali kinatoka. Chuma kile kimepikwa kwa namna yake, ukikichomelea kinalegea." Ndege ikafungiwa siku ile ile.

Tangu hapo sina raha. Mkwe wangu, Mama Neema, ananiambia mbele za watu, "Mama, mgeni akija mpe chai, maneno tuachie sisi." Kanisani wananiita Bibi Ndege. Sokoni mama mmoja muuza vitunguu akanishika mkono: "Watoto wa dada yangu kule tambarare hawajapata chanjo kwa sababu ya mdomo wako." Hilo liliniuma. Sikununua hata vitunguu.

Na serikali nayo imenichosha. Kutoa jibu mwaka mzima hawawezi, kuja kufunga wanatumia nusu siku. Wangemjibu mapema, hata kwa kumkatalia, miguu isingefika kwetu.

Juzi Kapteni amekuja na karatasi. Akamwambia msusi huyu huyu anisomee. Imeandikwa kwamba mimi ni mzee, nachanganya mambo, vile vipande vilikuwa vya tela. Anasema picha peke yake si kitu, kinachombana ni maneno yangu. Niweke kidole, ndege iruke. Baba Neema naye ananibembeleza, "Mama, weka tu, yaishe. Watanifungia karakana."

Sasa nirudi kwa marehemu mume wangu, maana nilitaka kumtaja tangu mwanzo. Alikuwa na tela, ekseli yake ikakatika. Baba Neema wakati ule ndiyo anajifunza, akaiunga. Ikabeba mavuno yote vizuri tu. Mwaka uliofuata, kwenye mteremko, ikakatika tena, na si pale kwenye kiungo, ni pembeni yake, vidole viwili hivi. Mzee alikuwa amekaa juu ya magunia. Alichechemea mpaka anakufa. Na ile ilikuwa chini, ardhi iko karibu.

Wananiambia sijui mambo ya ndege. Kweli sijui. Lakini kiungo nakijua.

Jana nikamfuata mwanangu karakanani. Nikamuuliza, "Baba Neema, wakikuita leo upande na wale manesi, utapanda?"

Alivaa miwani yake ya kuchomelea, akainama kwenye geti la watu, na moto hakuwa amewasha.

Kapteni anarudi Alhamisi na karatasi yake na wino. Nikiweka kidole, ile miguu inaruka na manesi. Nisipoweka, mwanangu anafungiwa na atasema mimi ndiye niliyemfungia. Nyie mliosoma, msinicheke, niambieni: hiki kidole nikifanyeje?