Moto Kwanza

Trekta letu ni dogo. Ukisimama kando yake, usukani unakufika kifuani, na injini yake ya dizeli haizidi sana ukubwa wa sanduku la nguo. Lilikuja likiwa limeshatumika huko Japani, na maandishi yote ya kwenye dashibodi ni ya Kijapani. Mume wangu ndiye aliyelichagua. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye vyumba vya injini vya meli za mizigo za ziwani, na alipostaafu alitaka injini ambayo angeweza kuizunguka yote huku amesimama juani. Akalipeleka Ilagala, kwenye shamba letu la mpunga na michikichi, akawa analiendesha mwenyewe. Mimi nilibaki nyumbani Katubuka, mjini, na cherehani yangu. Sikuwahi hata kuuliza linawashwaje.

Kisha akapata kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakampotea. Alielewa kila kitu alichoambiwa, ila akifungua kinywa lilitoka neno moja tu: "basi." Akitaka chai, basi. Akikataa chai, basi. Wajukuu wakimwamkia, aliwaitikia "basi" kwa upole, nao wakazoea. Mimi nilijifunza kusikiliza sauti na kuliacha neno lenyewe lipite.

Mavuno hayakungoja apone. Mpunga ulikuwa umeshakatwa na kupigwa, magunia yamelala shambani, na tela la kuyatoa mpaka barabarani lilivutwa na trekta lile. Nikaenda Ilagala kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye shamba lake linapakana na letu. Yeye alijua kuliendesha likiwa limeshawaka. Kuliwasha ndiyo ilikuwa shughuli.

Asubuhi za mwezi wa sita, kule bondeni karibu na Mto Malagarasi unapoingia ziwani, zina baridi ya unyevu. Ukungu unakaa juu ya majaruba mpaka jua lipande. Shemeji aliingiza ufunguo, akauzungusha kulia. Stata ilizunguka kwa nguvu, moshi mweupe ukachungulia kwenye ekzosi, lakini injini haikushika. Akarudia, akarudia, mpaka betri ikaanza kulegea.

"Asubuhi ndivyo lilivyo, shemeji," akaniambia huku akijifuta mikono. "Mchana jua likiwaka, unaligusa tu. Asubuhi linataka watu."

Watu wakaja, wakalisukuma kwenye mteremko, likawaka. Kesho yake walilisukuma tena, likapitiliza na kutumbukiza magurudumu ya mbele mferejini, tukashinda tunalichimbua. Baada ya hapo jirani mmoja akaja na kitambaa kilicholowa petroli, akakiweka kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Liliwaka, ndiyo, lakini kwa mlio wa nyundo inayopiga chuma, mlio ulionifanya nishike kifua. Nilihisi tunaliumiza, ingawa sikujua wapi.

Niliporudi Katubuka nikamsimulia mume wangu. Nilipofika kwenye petroli, alipiga mkono wa kiti kwa ngumi yake ya kushoto. "Basi! Basi!" Kisha akainua ile ngumi na kuizungusha, kama mtu anayefungua kitu.

Nikadhani anataka redio. Nikaongeza sauti. Akatikisa kichwa. Nikadhani anataka kugeuzwa, nikaenda kumshika bega. Akanisukuma, akazungusha ngumi tena, polepole, akaiacha pale pale ikiwa imepinda, huku akinikodolea macho. Sikuelewa. Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka, kisha nikainuka nikakaanga samaki wetu wa ziwani, migebuka, tukala. Baada ya kunawa, akanyoosha kidole mlangoni. "Basi," akasema, na hiyo niliijua. Twende.

Jirani yetu mwenye gari alitupeleka Ilagala, tukalala kwa shemeji. Asubuhi tulimpandisha mgonjwa kwenye trekta, shemeji akimshika kwapani, mimi nikimnyanyua miguu, kisha nikasimama nyuma ya kiti nimemkumbatia asianguke. Umande ulikuwa bado unatiririka kwenye bati la injini.

"Kaka, hii kazi tuachie sisi," shemeji alisema. "Wewe tuelekeze tu."

Mume wangu alipitisha mkono wa kushoto chini ya usukani, akaushika ufunguo, akauzungusha kushoto.

"Sio huko, kaka. Ni kulia."

"Basi!"

Akaushikilia pale pale. Stata haikulia. Hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya ndege. Shemeji alinitazama kwa huruma, na mimi nikaanza kuvunjika moyo, nikidhani ugonjwa umemsahaulisha hata kulia na kushoto. Kisha nikaona kitu. Kwenye dashibodi kuna kitundu kidogo chenye wavu, ambacho siku zote nilidhani ni cha kupitishia upepo. Ndani yake waya uliojiviringa ulianza kuiva, kwanza wekundu hafifu, halafu mwekundu kama kaa la jiko. Mume wangu alikuwa anaungoja huo. Ulipokolea, akazungusha ufunguo kulia. Injini ikakohoa mara moja, ikashika, ikaanza kunguruma kwa utulivu.

Shemeji alirusha kofia yake juu akipiga kelele kwa Kiha, na mke wake akatoka jikoni mbio akidhani kuna nyoka. Mume wangu aligeuza uso kwangu, upande mmoja ukicheka. Akagusa kifuniko cha injini kwa kidole.

"Mo," akasema. Akameza mate. "Moto. Moto kwanza."

Hayo yalikuwa maneno yake mapya ya kwanza tangu augue. Niliinamisha kichwa mgongoni kwake nikabaki hapo, na injini ikitutikisa sote wawili.

Tulikaa Ilagala mpaka magunia yakaisha, na katika siku hizo alinifundisha. Nilimuuliza kwa nini moto, na akaagiza kwa kidole pampu ya baiskeli ya shemeji. Akaliziba tundu lake kwa kidole gumba changu mwenyewe, akanifanya nipampu kwa haraka, kisha akanishikisha bomba lake. Lilikuwa limepata joto. Hapo nikaelewa. Injini ya dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inapata joto la kuwasha mafuta. Lakini asubuhi chuma kina baridi na kinalinyonya lile joto, ndiyo maana kila silinda imewekewa kipashio chake cha umeme, ambacho mafundi hukiita hita. Ufunguo ukienda kushoto, hita zinapashwa, na ule waya mwekundu wa kwenye dashibodi unakuonyesha kwamba zimeiva. Petroli haina subira. Inalipuka kabla ya wakati wake, na ule mlio wa nyundo ulikuwa ndio huo.

Nilijifunza na mengine. Mkono wa mafuta usogezwe katikati kabla ya kuwasha, klachi ikanyagwe ili stata isibebe mzigo wa gia, na kile kishikizo cha kuvuta kilicho chini ya usukani ni cha kuzimia injini kwa kukata mafuta, kwa hiyo kikisahauliwa kimevutwa unaweza kuchosha betri mchana kutwa. Nilipokosea, aliguna. Nilipopatia, aliguna pia, na tulicheka sana kuhusu hilo. Maneno yalimrudia taratibu. Mengi, nikiri, yalikuwa ya injini. Alisema "hita" kabla hajaweza kusema jina langu, nami sikuona wivu.

Siku hizi tunakaa Ilagala moja kwa moja. Cherehani nimeiweka barazani, na trekta naliendesha mimi. Wanawake wa majaruba ya jirani hunikodi kuvuta mpunga na ngazi za michikichi, ile mikungu ya matunda yake, na wawili kati yao wanajifunza.

Msimu uliopita, asubuhi moja yenye ukungu, nilizungusha ufunguo kushoto na ule waya haukuiva. Mume wangu alikuwa barazani na fimbo yake. Aliniona nikifungua kifuniko, lakini hakuinuka. Nilifuata nyaya kwa vidole, kutoka kwenye swichi mpaka kwenye hita, nikakuta kichwa cha waya mmoja kimelegea na kuota kutu ya kijani. Nikakisugua kwa msasa, nikakikaza kwa spana. Waya ukaiva.

Nilivuta tela mpaka jua likawa kali. Niliporudi kula, nikakuta amemenya mihogo yote ya mchana kwa mkono mmoja, ameibana kati ya magoti, vipande vikubwa kwa vidogo, na maji ya kuipikia yameshaanza kuchemka.