Shanga Nilizofundishia Protini

Nilipelekwa Stockholm kusomea chakula. Mama yangu alipoambiwa aliuliza kama huko Ulaya wamekosa vya kula hata wakaamua kuvisoma. Sikumlaumu. Kwetu Tanga chakula hupikwa, hupakuliwa, huliwa, na hadithi inaishia hapo.

Lakini mimi nilikuwa muuguzi katika kliniki ya watoto, na nilikuwa na ugomvi wangu na uji. Walikuwa wakiletwa watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizogeuka rangi ya kutu. Nikimuuliza mama mtu mtoto anakula nini, ananijibu kwamba anakula vizuri, bakuli analimaliza. Na kweli alikuwa akilimaliza. Uji wa muhogo asubuhi, uji wa muhogo jioni, bila tone la maziwa wala punje ya kunde. Tumbo limejaa na mwili una njaa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimekasirika hata sisemi na mtu.

Ufadhili wangu ulikuwa wa mwaka mmoja. Mwaka huo walitufundisha chakula ni nini. Mwaka wa pili, kwa atakayeupata, ndipo walipofundisha namna ya kumweleza mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria motoni. Huo ndio niliokuwa nautaka kwa roho yangu yote, na uamuzi haukuwa wangu. Ulikuwa wa bwana mkubwa mmoja wa wizarani, aliyetarajiwa kufika wakati wa baridi ile kuwakagua wanafunzi na kuamua nani abaki na nani arudi. Sifa zake zilimtangulia. Ilisemekana kwamba alama hazitazami sana, anatazama adabu. Msichana mmoja alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka mji mwingine kwa sababu ya urefu wa sketi yake, au tuseme ufupi.

Nilikuwa nimepanga chumba Skärholmen, kitongoji cha Stockholm, kwa mtu na mkewe waliotoka kwetu. Mume alikuwa fundi mitambo, mpole, hana maneno. Mke nilimwita dada, na yeye maneno alikuwa nayo ya wote wawili. Miaka ile ya sabini Watanzania mjini walikuwa wachache, tena wakijuana kwa mlio wa kengele ya mlangoni, na nyumba ya dada ndiyo iliyokuwa baraza lao.

Mwalimu wangu wa lishe alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwembamba, mwenye macho ya buluu yasiyojua kuona haya. Alitaka tumwite kwa jina lake tupu, kama mtoto mwenzetu. Wenzangu Waswidi walimwita hivyo bila taabu. Mimi ulimi ulikataa. Nilimwita Mwalimu mpaka mwisho, naye akadhani ndilo tamko langu la jina lake. Alikuwa na msemo mmoja aliourudia kila kipindi: usinieleze umbo la kitu bila kunieleza kazi yake.

Basi siku moja akatutaka kila mmoja alieleze darasa jambo moja kuhusu protini, na aje na kitu cha kuonyesha. Mwenzangu mmoja akachagua yai, alichemshe mbele yetu tuone jinsi protini ikishaharibiwa na moto isivyorudi ilivyokuwa. Mwingine akachagua sweta la sufu, kwa kuwa sufu nayo ni protini. Mimi nikapewa umbo lenyewe, yaani mnyororo wa asidi amino, na nilijua mara moja kwamba nataka shanga.

Nikaenda kwenye maduka ya Skärholmen kutafuta. Nikapata mikufu ya plastiki ya watoto, rangi mbili tu, nyekundu na nyeupe. Asidi amino ziko kama ishirini. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikafungua sanduku langu kutafuta soksi, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, zikaniangalia shanga za somo yangu.

Hapa ni lazima niseme wazi, kwa sababu si kila msomaji ametoka pwani. Kwetu binti akikua hupewa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunda, na somo yangu alinitungia shanga za kiunoni: nyuzi tatu zilizofungwa pamoja, rangi zote alizoziona duniani. Hizo huvaliwa ndani ya nguo. Hazianikwi kwenye kamba, hazitajwi mbele ya wanaume, na wa kuzisikia zikilia ni mume peke yake. Mimi mume sikuwa naye bado, kwa hiyo zilikuwa zimelala zikingoja zamu yao.

Nilizitazama, nikapiga hesabu yangu. Darasa zima ni Waswidi. Kwa Mswidi ushanga ni ushanga. Nani atajua? Nikazitia mkobani.

Asubuhi yake nilisimama mbele ya darasa nikanyoosha shanga kwa mikono miwili, nikaanza. Nikawaambia kila punje ni asidi amino moja, na mwili huzitunga kwa mpangilio maalumu. Badilisha punje moja tu katika ile protini inayobeba hewa kwenye damu, na mtu ataugua maisha yake yote. Kwetu wagonjwa hao wa selimundu tunawajua. Nikaachia shanga zikajikunja kiganjani. Nikasema protini haikai imenyooka; hujisokota, hujipinda, ikawa bonge, na kila bonge lina shughuli yake. Moja huvunjavunja chakula tumboni, jingine hupambana na maradhi, jingine ni msuli wenyewe. Nilikuwa nimechangamka. Kiswidi changu kilikuwa kinatiririka siku hiyo kuliko siku zote.

Nikafika kwenye ugomvi wangu. Mtu akila nyama au kunde, nikasema, mwili haujijengi kwa nyama ile kama ilivyo. Tumbo hukata uzi, hutawanya punje, kisha mwili hutunga uzi wake wenyewe. Na kuna punje ambazo mwili haujui kuzitengeneza. Zikikosekana kwenye bakuli, kazi inasimama, hata bakuli liwe kubwa namna gani. Punje inayopungua kwenye mahindi iko tele kwenye maharage, na inayopungua kwenye maharage iko kwenye mahindi, ndiyo maana makande ni chakula cha watu wenye akili.

Nilikuwa nimeziinua shanga juu ya kichwa mlango ulipofunguliwa. Akaingia mkuu wa chuo, na nyuma yake bwana mmoja mnene, mweusi, amevaa suti ya mikono mifupi ndani ya koti zito la kuazima. Nilikuwa nimeambiwa angefika wiki inayofuata.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikuwa nimekishika mkononi, mbele ya watu. Nikaanza kumwomba Mungu bwana yule awe mtu wa bara, kwa kuwa bara shanga huvaliwa shingoni na kichwani, mchana kweupe, na hakuna anayetahayari. Bwana akazitazama shanga. Akatazama dari. Akatoa leso akafuta paji la uso, na nje theluji inaanguka. Basi nikajua ni wa pwani.

Nilimalizia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Mwalimu alifurahi mno. Akazichukua shanga, akazipitisha mkono kwa mkono, na mgeni alipofikiwa akaweka mikono yake nyuma. Mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza vitu vizuri namna hii kwao huvaliwa na nani.

"Na akina mama," akajibu.

"Huvaliwa wapi?"

"Nyumbani," akasema bwana mkubwa, akaangalia tena dari.

Mwalimu akaniuliza kama anaweza kuziazima kwa siku moja. Ningesema nini? Akazikunja mara mbili, akazivaa shingoni, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akampa mgeni mkono.

Aliponipata peke yangu koridoni nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Mwanangu, wewe wa wapi?"

"Tanga, baba."

"Mimi wa Pangani." Akatazama huku na huku. "Zile ulizivua leo asubuhi?"

"La hasha, baba. Zilikuwa sandukuni. Sijapata kuzivaa."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi. "Maelezo yako mkuu wa chuo alinitafsiria tukiwa nje ya mlango, nimeyapenda. Yule mla makande mwenye akili ni mimi. Sasa sikiliza. Leo jioni nimealikwa kula kwa mwenyeji wako, na mwalimu wako kaalikwa pamoja na mumewe. Watakuwapo wananchi, na wake zao. Yule mama akiingia na vile vitu shingoni, akasema amepewa na mwanafunzi wetu, nami nimekaa pale nimekodoa macho, nitaandika nini kwenye ripoti? Kwamba adabu ipo?"

"Haipo, baba."

"Basi mvue," akasema. "Ukishindwa, tutarudi pamoja."

Nilirudi Skärholmen kwa treni nimekaa wima. Dada alikuwa jikoni akikata vitunguu. Nilipomweleza, aliweka kisu chini, akakaa kwenye kiti, akacheka mpaka mumewe akaja kuangalia kulikoni, akafukuzwa.

"Mpigie simu umwambie ukweli," akasema alipopata sauti. "Hawa wazungu ukiwazungushia maneno hawafiki."

"Nimwambie kwa Kiswidi kipi? Hilo sikufundishwa."

"Hata mimi sikufundishwa, na nimezaa watoto watatu hapa. Piga."

Nikapiga. Dada akasimama karibu nami, sikio lake likiwa karibu na simu kuliko langu.

"Mwalimu," nikasema, "zile shanga si za shingoni."

"Za wapi?"

"Za kiunoni."

"Juu ya nguo?"

"Chini ya nguo. Kabisa."

Kimya. Nikadhani ameona haya, nikafurahi, maana mwenye haya huvua haraka. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Asubuhi ulinieleza umbo lake," akasema. "Kazi yake hukunieleza. Kazi yake ni nini?"

Dada alijiziba mdomo kwa kanga akaelekea bafuni. Nilibaki peke yangu na Kiswidi changu. Nilijua maneno ya ini, kongosho, utumbo mwembamba na mwingine mpana. La mambo haya sikuwa nalo hata moja. Nikasema mwanamke akitembea, zinalia. Mume akizisikia, anajua mkewe anakuja. Na akishajua, nikasema, basi anakuwa anajua.

"Anajua nini?"

"Mwalimu, nakuomba," nikasema, na machozi yalikuwa karibu. "Usije nazo shingoni. Nitarudishwa nyumbani."

"Nimeelewa," akasema kwa upole, akakata simu.

Wananchi na wake zao walifika mapema, kwa heshima ya mgeni. Bwana mkubwa aliwekwa mbele. Dada alikuwa amepika pilau, kuku na maharage ya nazi ya kopo. Kengele ikalia, nikaenda kufungua. Mwalimu alisimama mlangoni na mumewe, mzee mrefu mwenye ndevu, ambaye mwaka mzima nilikuwa sijamsikia akisema lolote zaidi ya "jaha", yaani "ala, kumbe" ya Kiswidi. Nikamvua mwalimu koti kwa mikono yangu mwenyewe. Shingo ilikuwa tupu. Ningeweza kumbusu.

Bwana mkubwa aliiona ile shingo kutoka alipokaa, akanikubalia kwa kichwa, kidogo tu. Mwalimu akavua viatu kama desturi yao, akaketi, tukaanza kula. Bwana akaanza kumsimulia fundi mitambo habari za Pangani. Niliona mwaka wangu wa pili umekaa pale mezani pamoja nasi, umejipakulia pilau.

Kisha sufuria ya maharage ikaisha, na mwalimu, kwa kuwa Waswidi hawajui kukaa wakahudumiwa, akainuka kwenda jikoni kuiongeza. Alikuwa na soksi tu miguuni, na sakafu ilikuwa ya mbao. Nyayo zake hazikusikika hata kidogo. Kilichosikika kilikuwa kingine.

Wanawake wote waliacha kutafuna. Dada akainamia sahani yake, mabega yakaanza kutikisika. Wanaume wa pwani wakagundua kila mmoja jambo la maana la kutazama kwenye kuta. Mwalimu alienda mpaka jikoni, akachota maharage, akarudi, na kwenda na kurudi zikilia kwa utaratibu wake, kama somo yangu alivyosema zingelia. Mumewe alikuwa ameweka uma chini. Alimfuata kwa macho alipokwenda, akamfuata kwa macho alipokuja, na uso wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye ndevu.

"Jaha," akasema.

Sikuthubutu kuinua kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kufunga sanduku langu moyoni, na kuiona ile kliniki, na yale mabakuli ya uji, na mimi nimerudi bila la kuwaambia akina mama. Nilisikia kiti cha bwana mkubwa kikisogea karibu na changu.

"Mwanangu," akasema chinichini, macho yake kwenye maharage, "mwaka wa pili nitakuandikia. Mtu anayeweza kumfundisha yule mzee kitu kwa nusu siku, wale akina mama wetu hawatamshinda."