Siku Moja, Arobaini Mbili

Mtoto wa siku arobaini hatiwi chumbani na chetezo cha udi kisha mlango ukafungwa. Hili nalisema kwanza kwa sababu kila shughuli ninayoitwa hapa Malindi nalikuta, na kila nikilisema naonekana mkorofi. Nguo zifukizwe mapema, mtoto akiwa chumba kingine na dirisha wazi. La pili, mtoto hazungushwi mapajani mwa wanawake ishirini kama sinia la halua. Kila mmoja atataka kumbusu, na katika hao ishirini hakosi mmoja mwenye kikohozi anayeapa kuwa ni vumbi tu la njiani. La tatu, aliyeshika mtoto asiitwe jikoni kuonja chumvi, na anayepika asipokezwe mtoto. Nimeona mtoto akilazwa juu ya gunia la mchele kwa sababu pilau ilikuwa inaungua, na aliyemlaza alikuwa bibi yake mzaa baba.

Kazi yangu si kupika. Mimi ndiye ninayeitwa kumtembeza mtoto nyumba. Kwetu, mtoto akitimiza arobaini hutolewa chumbani akazungushwa nyumba nzima. Mama mtu humpakata, na mwanamke mtu mzima hutangulia akimtajia mtoto kila anachokiona: huu mlango, hili jiko, huu mtungi, hapa anavua viatu babako akirudi kazini. Wanawake hufuata nyuma kwa vigelegele. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, nyumba kwa nyumba, na malipo yangu huwa pea ya leso na kifungu cha halua. Maneno nimeshayazoea, mdomo unakwenda wenyewe.

Mwaka jana mtoto wa binti yangu alifikisha arobaini. Siku hiyo hiyo ilikuwa arobaini ya mamake.

Binti yangu alizaa adhuhuri, na kabla ya alasiri kwisha alikuwa hayupo. Damu haikusimama. Waliomhudumia walihangaika naye mpaka mwisho, niliwaona kwa macho yangu, sina neno juu yao. Huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza, kwa hivyo alikuwa amerudi kwangu kujifungulia, kama ilivyo desturi, na chumba nilikuwa nimekipaka chokaa na kitanda nimekitandika shuka mpya. Kutoka hospitali nilirudi na mtoto, nikamlaza hapo. Hesabu ya mtoto na hesabu ya mama zikaanza pamoja, zikaenda sawa, siku kwa siku.

Sikulia. Wengine walisema ni imani, wengine wakanong'ona kuwa nina moyo mgumu, na nilizisikia kauli zote mbili kwa sababu nyumba zetu zimepakana dirisha kwa dirisha. Haikuwa imani wala ugumu. Nilikuwa nimekufa ganzi, basi, kama mguu uliokaliwa. Nilimwogesha mtoto, nikachemsha chupa zake, nikapima maziwa ya kopo kwa kijiko chake bila kuzidisha. Kitovu kilianguka siku ya tisa. Siku ya saba, ya kumchinjia mtoto akika, ilipita hakuna hata mmoja aliyeikumbuka, nami mwenye kazi ya kuwakumbusha watu sikuikumbuka. Jina babake alishamwita sikioni, jina zuri, lakini mimi nikimtaja nilisema "huyu". Huyu kalala, huyu kashiba. Nasema kweli ili anayesoma ajue nilikuwa wapi: nilimfanyia mtoto yule kila kitu, na sikuhisi kwamba nampenda.

Mkwe wangu ana kazi Kilifi, hulala huko wiki nzima. Ni kijana mwema, lakini mtoto mchanga hatamweza peke yake. Dada yake ameolewa Jilore, wanalima huko, na wakati huo alikuwa na msichana wake wa miezi saba anayenyonya. Akajitolea kumchukua mtoto wa kakake, amnyonyeshe pamoja na wake, wawe ndugu wa ziwa moja. Wanaume wakakaa barazani wakalizungumza: mumewe, mkwe wangu na kakangu. Wakakubaliana kwamba amchukue siku ya arobaini, shughuli ikisha. Kakangu akaingia ndani kuniuliza maoni yangu, nikamwambia sawa. Akauliza tena, nikamwambia nimeshasema sawa, atoke nifagie.

Moyoni hesabu yangu ilikuwa fupi. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na malezi yanataka mwenye moyo. Yule wa Jilore anao, na maziwa anayo. Mimi nina kopo na ganzi. Mtoto akibaki kwangu atakua kwa bibi asiyemhisi, na watoto hulijua jambo hilo mapema kuliko tunavyodhani. Kwa hivyo nilikuwa radhi aende, tena nilingoja siku ifike.

Tatizo likawa siku yenyewe. Kakangu alitaka hitima ya marehemu tu, basi. Alisema haingii akilini nyumba moja isomwe hitima na ipigwe vigelegele kwa siku moja, watu watatucheka. Nikamwambia mtoto hajafanya kosa lolote hata akoseshwe siku yake. Sikusema kwa uchungu. Nilisema kwa kuwa ndivyo mambo yanavyopaswa kwenda, na mimi ni mtu wa mambo kwenda yanavyopaswa. Akanuna siku mbili, kisha akaleta mbuzi wawili wa akika, wanono.

Ikiwa Mungu atakuletea siku ya namna hiyo, namwomba asikuletee, itenge kwa swala. Asubuhi mpaka adhuhuri iwe ya marehemu, baada ya alasiri iwe ya mtoto. Nyama ya akika isichanganywe na ya hitima, sufuria zifungwe vitambaa vya rangi mbili, na mchinjaji akumbushwe kwamba mifupa ya akika haivunjwi, hukatwa kwenye viungo. Kwenye grupu la wasap la wanawake wa mtaa niliandika kwamba asubuhi tuvae nguo za kimya, alasiri kila mtu avae dera lake zuri. Mmoja akanijibu kwa vikatuni saba vya machozi. Nikamuuliza kama amenielewa au hakunielewa.

Hitima ikasomwa. Wanaume walijaa barazani mpaka kwenye kichochoro, pilau ikatosha, sinia zikarudi tupu. Nilihesabu sinia, nilihesabu mabirika, mtu akinipa mkono wa pole napokea na kuuliza kama amepata maji ya kunawa. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni alinikamata mabega akanitazama usoni akasema nilie tu, asiyelia huugua. Nikamwambia nitalia wali wa alasiri ukiiva. Hakucheka, na mimi sikuwa nafanya mzaha.

Baada ya alasiri wanawake wakabadilisha nguo. Mtoto alikuwa ameshanyolewa, kichwa kinang'aa kwa mafuta ya nazi, wanja nilikataa. Wanja wa machoni kwa mtoto mchanga ni ujinga wetu wa siku nyingi, tuuache. Shangazi yake, yule wa Jilore, akampakata. Ni mwanamke mfupi, mikono ya jembe, haongei sana. Asubuhi alipofika aliniamkia shikamoo mama akainama kabisa, kisha akaenda moja kwa moja kuosha vyombo bila kuambiwa.

Nikatangulia mbele. Nyuma yangu kimya. Wanawake thelathini na ushei wamevaa madera ya rangi zote, na hakuna aliyejua afungue mdomo au aufumbe. Nikageuka nikawaambia wapige vigelegele, ni arobaini ya mtoto hii. Wakapiga, vyembamba.

Nikaanza. Huu mlango, ukiingia toa salamu. Hili jiko, lina moto, usilisogelee. Huu mtungi, maji yake baridi kuliko ya friji. Hapa anakaa kakangu, babu yako, anapenda kununa. Kwa hilo wakacheka kidogo, na vigelegele vikanenepa, shughuli ikafanana na shughuli. Nikahisi miguu inaijua njia, sina haja ya kufikiri. Tukaingia chumbani, nikanyoosha mkono kwenye kile kitanda, nikasema yale ninayosema nyumba zote:

"Hapa analala mamako. Akilala usimwamshe, umemchosha."

Wallahi, nilisimama pale nikingoja wacheke. Ndipo mahali pao pa kucheka, mwaka nenda mwaka rudi, na mama mtu ndiye huwa anacheka zaidi. Hawakucheka. Nikawatazama mmoja mmoja kujua kuna nini. Yule mwenzangu wa chuoni alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Huko nyuma mtu akaanza kulia, na mwingine akamfuata, na mimi bado sijajua nimesema nini. Ulimi hauna mfupa. Nilipoyasikia maneno yangu yenyewe yalikuwa yameshatoka zamani, hayarudishiki.

Mtoto akashtuka kwa vile vilio, akaanza kulia na yeye. Shangazi yake hakumtazama mtu. Akaketi kitandani, juu ya shuka ambazo sikuwa nimeruhusu mtu kuzikalia siku zote arobaini, akafungua kifua chini ya leso. Wanaume walikuwa wameshalimaliza hilo la kunyonyesha, mumewe karidhia, na alikuwa akingoja tu shughuli ipite. Wanawake wakatoka kimyakimya, wa mwisho akashusha pazia. Mimi nikabaki.

Mtoto yule na chupa walikuwa na vita. Kila lishe ilichukua karibu saa nzima, anavuta, anakohoa, anageuza uso, gesi inamsumbua, maziwa yanamtoka puani. Sasa akaligusa ziwa kwa shavu, akalitafuta kidogo, akalishika. Hakukohoa. Macho akayafumba nusu, mkono wake mmoja akauweka pale kifuani, vidole vimefunguka. Nilikuwa nikiviosha vidole vile kila siku, na sikuwa nimewahi kuviona vimefunguka hivyo.

Nikapandwa na wivu. Sitauremba. Nilimwonea wivu mwanamke yule, nikataka kumpokonya mtoto na kumwambia atoke nyumbani kwangu, kitanda hiki si chake, mtoto huyu si wake, aliyekuwa amnyonyeshe ni mwanangu mimi. Ganzi ikiachia huuma, hilo analijua yeyote aliyewahi kukalia mguu. Iliniuma kuanzia kifuani ikashuka. Nikajua kwamba mtoto yule nampenda, na sijui nilianza siku gani, pengine ile ya kitovu, pengine kabla.

Sikumpokonya. Badala yake nikaanza kuongea. Nikamwambia shangazi mtu kwamba hacheui mpaka alazwe bega la kulia, la kushoto ni kujisumbua. Kwamba analala feni ikizunguka, ikizimwa anaamka hata kama kuna baridi. Kwamba keshokutwa ni chanjo yake ya wiki sita, kitabu cha kliniki kiko ndani ya foronya ya mto, asisahau kwa sababu ya uchovu wa shughuli, watu wengi husahau. Kwamba nyuma ya sikio la kushoto kuna mkunjo unaoshika jasho, upanguswe kwa pamba. Kwamba akilia sauti nyembamba ni njaa, nzito ni usingizi, na ikiwa ya kukatikakatika anataka tu kusikia mtu yupo. Niliongea mpaka pumzi ikanikauka. Yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa, anasikiliza kila neno, na mtoto anaendelea kunyonya.

Nilipokwisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuinamisha macho.

"Mama, wanaume wameshasema yao," akaniambia. "Wewe sijakusikia. Wamtaka?"

Nilijua kwamba nikisema neno moja tu atamwacha. Yule alikuwa mwanamke wa kuachilia. Angefunga leso yake, angerudi Jilore kwa msichana wake, na wanaume wangepiga kelele barazani kisha wangezoea. Mimi ningerudi kwenye kopo langu, na mtoto angerudi kwenye vita vyake na chupa, saa nzima kila lishe, ili nipate cha kushika mikononi. Nikatazama ule mkono pale kifuani.

"Namtaka," nikasema. "Mchukue."

Akamgeuza mtoto taratibu, akamhamishia ziwa la pili. Nami nikainua pazia nikaenda jikoni, nikamlilia binti yangu, mbele ya wote waliokuwa wakiosha sinia.