Dawa ya Manjano Iliyotoboa Kuvu

Kichwa kilianza kuniuma nikiwa kazini kwenye machimbo ya mawe huko Lukenya, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nikawa mtu wa kumeza vidonge vya maumivu. Shingo ilipokakamaa na macho yakaanza kuona vitu viwiliviwili, mke wangu alifunga kibanda chake cha nguo sokoni Mitaboni, akanipeleka hospitali Machakos. Walinichoma sindano mgongoni, wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta kuvu. Virusi vya ukimwi vilikuwa vimeshusha kinga yangu, kuvu ikapanda hadi kichwani.

Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti. Alitia dawa ya manjano ya kuua kuvu kwenye dripu na kuifunika kwa karatasi nyeusi, maana mwanga huiharibu. Haikufika nusu, nikaanza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Mke wangu alinilalia juu kwa uzito wake wote, asijali nani anatazama.

"Daktari, hii dawa itamuua!"

"Itamtetemesha, mama. Haitamuua." Akapunguza mwendo wa dripu, akavuta kiti, akakaa nasi.

Nilipotulia nikamuuliza dawa hiyo inajuaje kuvu ni ipi na mimi ni yupi.

Akacheka. "Haijui sana. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, na mafuta ya kuvu si kama yako. Chembe za dawa zikiyakuta zinayashika, zinasimama bega kwa bega kama fito za boma. Katikati linabaki tundu. Chumvi za ndani zinavuja, kuvu inakufa."

"Na mimi?"

"Mafuta yako yanafanana nayo kidogo, kwa hivyo na wewe unaguswa, hasa figo. Ndiyo maana tunakupima damu. Mwili wako unapoteza potasiamu, chumvi ambayo moyo unaihitaji."

Hakuna mtu aliyewahi kunieleza ugonjwa wangu hivyo, kama mtu mwenye akili zake. Nililala nikiwaza vile vitundu visivyoonekana kwa jicho, nikashangaa ni nani aliyevigundua.

Mke wangu alishika neno moja tu. Aliambiwa ndizi zina potasiamu, akaja nazo kila siku, akisimama hapo mpaka nimalize. Daktari akiingia, swali lilikuwa tayari: "Potasiamu iko aje leo?" Wodi nzima ikamzoea.

Kutetemeka kulirudi kila dripu, naye akanilalia kila mara. Kisha asubuhi moja niliamka na njaa. Nikamuuliza kama mbaazi zimetoa maua. Akaweka kikombe cha uji chini, akalia. Tangu nilazwe sikuwa nimeuliza kitu chochote cha nyumbani.

Nilitoka na vidonge vya kuendelea navyo, na baadaye nikaanzishiwa dawa za virusi. Siku ya kurudi Mitaboni nilitembea mwenyewe kutoka barabarani hadi mlangoni. Mkoba alibeba mke wangu; nilipoomba kumsaidia, alikataa katakata.